Matoka Kwenye Mteremko wa Theta

Nimestaafu kazi ya misaada nikiwa na miaka thelathini na tatu. Najua neno hilo ni la watu wenye mvi, lakini ofisi yetu ya Thika ilifungwa mfadhili alipotuchoka, nami nikaapa sitavaa tena fulana yenye nembo. Mtu akiapa hivyo na asirudi, mwite jina unalotaka, amestaafu. Wenzangu wadogo waliochukuliwa na mashirika mengine wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Vyeo sitavigusa. Nitaandika nilichokiona na nilichokishuku, na mara nyingi vilikuwa kitu kimoja.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Ruiru, wiki ya mafuriko. Mto ulikuwa umepanda ukachukua vyumba vya mabati vilivyojengwa kandokando yake, na waliokuwa wakipanga humo, wengi wao watu wa magharibi waliokuja kutafuta vibarua viwandani na mjengoni, walikuwa wamelazwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi nilikuwa na shahada ya mazingira na gambuti mpya. Nilipewa sanduku la pakiti za mbegu za sukuma wiki nikaambiwa nigawe. Nikamuuliza msimamizi wangu, watu ambao hata godoro wamepoteza watapanda mbegu wapi. Akasema, "Nyambura, wewe peana tu. Maswali yana ofisi yake."

Mwanamke mmoja alipokea pakiti, akaigeuza, akasoma nyuma, akaniangalia. "Madam, nipande wapi hizi? Kwa mfuko?"

Nikaendelea kugawa. Huyo alikuwa Mama Nekesa, mfuaji nguo wa kutwa, mwenye watoto watatu na ulimi usiolala. Niliporudi wiki iliyofuata nilikuta amejaza udongo kwenye gunia la unga nyuma ya ukumbi, ametoboa pembeni, na sukuma imeanza kuchungulia kwenye matundu. "Ulikataa kunijibu," akasema, "nikajijibu." Tangu siku hiyo kila nilipoona mradi mpya nilijiuliza Mama Nekesa angeugeuza na kusoma nini nyuma yake.

Shirika nalo lilikuwa limechoka kugawa mbegu kwa watu wasio na shamba. Likaamua kwamba msaada wetu sasa utafuata permakacha, yaani kilimo kinachojaribu kuiga msitu: udongo usiachwe uchi, maji yasiachwe yakimbie, na miti, mboga na wanyama vipangwe vitunzane. Nilishuku mara moja. Neno likija na fulana mpya, mimi hutazama fulana kwanza.

Neno hilo lilikuja pia na Mwalimu Wafula. Alikuwa amefundisha kilimo shule za sekondari hadi akastaafu kihalali, akajenga Ngoingwa, na nyuma ya nyumba yake hapakuwa na mahali pa kuweka mguu bila kukanyaga kitu cha kuliwa. Alizungumza kwa kanuni kama katekista. Tazama kabla ya kutenda. Tumia kilicho karibu. Kila kitu shambani kiwe na kazi zaidi ya moja: kuku anataga, anatoa samadi, na anakupalilia akitafuta wadudu.

"Na mkufunzi?" nilimuuliza siku ya kwanza, mbele ya darasa zima.

"Mkufunzi ana kazi mbili, Profesa. Kufundisha, na kukuvumilia wewe."

Jina la Profesa likanikaa hadi mwisho.

Kitu cha kwanza alichonifundisha na nikakipenda ni fremu ya A. Ni fimbo tatu zilizofungwa kama herufi hiyo, na kamba inayoning'inia kutoka kileleni ikiwa na jiwe. Jiwe likisimama kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unageuza mguu baada ya mguu kuvuka mteremko, ukichomeka vijiti, na mstari unaopata ndio njia ya kuchimba mtaro ambao maji hayatakimbia ndani yake. Yatatuama, yatazama, mmea utakunywa. Lakini mnaoanza kazi, sikilizeni hapa: msiamini alama aliyoweka mtu mwingine. Isimamishe fremu, weka alama kamba ilipopita, halafu badilisha miguu mahali palepale uweke alama nyingine. Ukweli uko katikati ya hizo mbili. Ni kifaa pekee nilichokutana nacho katika kazi ya misaada kinachokubali tangu mwanzo kwamba kinaweza kudanganya.

Shamba tulilipata Theta. Mkulima mmoja wa huko, tuliyemwita Baba Njoki kwa jina la bintiye mkubwa, alitoa mteremko wake kupitia kanisa ili watu wa mafuriko walime chakula. Walikuwa wamepanga vyumba juu, mbali na mto. Vyumba vya juu kodi yake ni ya juu pia, na hesabu ya kila nyumba ilikuwa moja: chakula kikitoka mteremkoni, kodi italipika, kisipotoka, watarudi mtoni kwenye mabati, wasubiri mvua nyingine. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na Mama Nekesa hakutuacha tulisahau. Kila asubuhi alitusalimu, "Mmetupanga wapi leo, juu ama kwa maji?"

Mimi niliuliza swali langu la kawaida. Mtu anatoaje shamba bure? Nilipouona mteremko nikadhani nimepata jibu. Ulikuwa murram tupu, ule udongo mgumu wa changarawe, umechanwa na makorongo. "Mwalimu," nikasema, "huyu ametafuta watu wa kumtibia shamba. Likipona atawatoa."

"Inawezekana," akasema Wafula. "Shika fimbo."

Tulichimba pamoja nao. Majirani walisimama barabarani kututazama, na mzee mmoja akacheka akauliza, "Hii si ni mitaro ya fanya chini? Hii tulichimba hata kabla mama yako azaliwe. Siku hizi inaitwa aje?" Tulipomwambia inaitwa permakacha, alirudia jina hilo mara mbili, akaondoka akilicheka.

Mitaro ilipokwisha, kulibaki tatizo la matuta. Udongo uliotupwa upande wa chini ulihitaji mizizi ya kuushika kabla ya mvua. Nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, ingefaa, ila kila mwenye nepia Theta ana ng'ombe, na hakuna atakayekupa chakula cha ng'ombe wake upande ukingoni. Tukakwama. Ndipo akaja Tata Wangari.

Alikuwa dada yake Baba Njoki. Mume wake alimwacha zamani, akarudi nyumbani, na alikuwa akiishi chini kabisa ya mteremko kwenye boma la marehemu mama yao. Sote tulimwita tata, shangazi. Alikuja na chupa ya chai na vikombe kwenye beseni, akatazama matuta yetu, akasema, "Kwangu matoka yamejaa. Mbuzi hawali, jua haliyaui, na mizizi yake ni kama vitunguu vikubwa, inashika udongo haiachi. Chukueni yote mnayotaka."

Matoka mnayajua: maua meupe marefu yenye mstari wa waridi, na majani mapana kama mikanda. Kwetu Kahawa Sukari yalikuwa mawili kando ya geti na mama aliyamwagilia Jumapili. Wafula alifurahi kama mtu aliyejibiwa sala. Tumia kilicho karibu.

Mimi nikamuuliza, "Tata, na wewe unataka nini?"

Akacheka. "Mami, ni nani alikufundisha kuuliza chai bei yake?"

Alitusaidia kubeba. Alikaa kutwa nzima akionyesha watu jinsi ya kupanda, shingo ya kitunguu ibaki juu. Nakumbuka sasa kwamba hata kabla ya chai hiyo, mtaro wa chini kabisa ulipopimwa, yeye ndiye aliyepita akasema tuanzie kwenye jiwe kubwa jeusi lililoko ukingoni, kwa sababu hapo udongo ni mlaini. Fremu ya A itakuambia mstari unaelekea wapi. Haikuambii uanzie wapi. Hapo pa kuanzia huchaguliwa na mtu.

Mvua ilikuja kwa upole mwaka ule. Mitaro ikajaa, maji yakazama, matoka yakashika, na maharagwe yakasimama mahali ambapo hata magugu yalikuwa yamekata tamaa. Baba Njoki hakuyaona hayo. Alikuwa Nakuru kwa Njoki, akitibiwa macho. Alirudi na macho mapya, na kitu cha kwanza alichokiona vizuri baada ya muda mrefu ni mistari ya matoka ikikata shamba lake kutoka upande hadi upande.

Nilikuwa kwenye mboji nilipomsikia. "Ni nani amegawa shamba langu?"

"Hakuna aliyegawa, Baba Njoki," nikasema. "Hii ni mitaro ya maji."

"Maji sijauliza. Nimeuliza haya."

"Ni maua ya kushika udongo."

Akanigeukia. "Msichana, wewe ni Nyambura. Nyambura wa kwa nani?"

"Wa Kahawa Sukari."

"Sijauliza stage ya matatu."

Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unachoma. Itoka si ua. Itoka ni mpaka. Mahali liliposimama, pameisha pa mtu na pameanza pa mwingine. Hivyo ndivyo Wakikuyu walivyopima mashamba kabla ya cheti cha shamba, na hata sasa cheti kikigombaniwa, wazee huja kutafuta itoka. Na kulipanda ni rahisi kuliko kulitoa. Anayeng'oa itoka la mpaka anatafuta laana, na yeye katika umri wake hakuwa akitafuta kitu kama hicho.

Mwalimu Wafula alikuja na panga lake akapiga salamu. "Mzee, kwetu Bungoma mpaka ni mkonge. Haya kwangu ni maua kama maua mengine. Nitayang'oa mwenyewe. Laana ikija, haitanijua jina."

"Hapana. Wewe ukiyang'oa watasema nimekutuma." Akageuka akawatazama waliokuwa wakipalilia. "Sitaki kuyagusa na sitaki kuyaona. Hawa watu wamalize mwezi, waende. Mliletwa kulima. Hakuna aliyewatuma kunigawa."

Mama Nekesa aliweka jembe chini. "Mzee, maharagwe yako kwa maua. Viazi hata havijatunga. Tukienda mwisho wa mwezi tunaenda na nini?"

"Uliza hao waliokuletea maua."

Alipoondoka, Mama Nekesa aliokota jembe akaendelea kupalilia. Mimi nilikuwa tayari nimeshatoa hukumu kichwani: mawakala wa ploti walikuwa wamepita barabara ile mara mbili, mteremko sasa ulikuwa na rangi, na mzee alikuwa amepata sababu ya kuwatoa. Nikamwambia Wafula hivyo. Akasema, "Na kama anasema kweli?" Nikasema mtu anaweza kusema kweli na bado iwe sababu. Mpaka leo sijaona pa kurekebisha sentensi hiyo.

Asubuhi iliyofuata niliteremka kwa Tata Wangari. Alikuwa akipukuchua mahindi uani, na kuzunguka boma lake lote, kwenye ukingo, kulikuwa na mashimo mahali matoka yalipong'olewa, na matoka mengine mengi yaliyobaki.

"Tata, ulijua."

"Nilijua nini?"

"Maana ya matoka."

"Nilijua hayaliwi na mbuzi." Alipukuchua gunzi zima kabla ya kuendelea. Baba yao, akasema, alitamka mbele ya watu kwamba kutoka lile jiwe jeusi kwenda chini ni kwa Wangari, aliporudi nyumbani na watoto. Hakuandika. Waliosikia wamekufa, isipokuwa kaka yake, na kaka yake hakumbuki.

"Lakini sheria ya siku hizi, tata. Binti anarithi."

"Najua. Sheria iko Nairobi. Kaka yangu yuko hapa."

"Na wale watu je? Mwisho wa mwezi wanarudi mtoni kwa sababu ya matoka yako."

"Hawatarudi."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu kaka yangu wewe umemjua msimu mmoja. Mimi nilimbeba mgongoni." Akanisukumia ungo. "Pukuchua. Maswali na mikono vinaweza kwenda pamoja."

Nilipukuchua, nikiwa na hasira. Tulikuwa tumeleta watu waliofurikiwa, na yeye akawafanya vijiti vya kupimia. Hasira nyingine ilikuwa kwamba singeweza kusema ana makosa.

Wiki hiyohiyo Baba Njoki alituita sote mteremkoni. Alikuja na bakora, akasimama kwenye mstari wa chini, karibu na jiwe jeusi. Tata Wangari alisimama mbali kidogo, amejifunga leso. Watu wetu walikuwa nyuma na majembe, hawajui kama wamekuja kupalilia ama kuaga.

"Nyambura wa Kahawa Sukari," akasema. "Wewe umesoma, utanijibu. Dada yangu aliwalipa?"

"Hapana, Baba Njoki."

"Ni nani aliwapa haya matoka?"

Maisha yangu yote nimeamini kwamba swali likiulizwa lijibiwe. Nilimgombeza mama kwa kuniambia maswali mengine hayana haraka. Nikafikiri: nikisema ni Tata, nimethibitisha kwamba tulikula njama naye, na jioni watu hawa wanafunga virago. Nikisema sijui, nitakuwa mmoja wa wale niliokuwa nikiwashuku. Mama Nekesa alikuwa akinitazama, si kwa kusihi, ila kama alivyoitazama ile pakiti ya mbegu.

Nikafungua mdomo. Baba Njoki akainua mkono.

"Wacha. Usijitese." Aliinama taratibu, akashika jani, akalifuata kwa vidole hadi shingoni. Ua moja lilikuwa limefunguka, akalitazama mstari wake wa waridi. "Haya ni ya mama. Nimeyapalilia nikiwa na kaptura. Theta nzima hakuna mwingine alikuwa na haya ya mstari. Hata bila macho ningeyajua."

Wafula, ambaye kwa nia njema kabisa alikuwa amekuja na panga, alilibadilisha mkono.

"Mwalimu, weka hiyo chini," akasema Baba Njoki bila kugeuka. "Itoka la mama yangu halikatwi na mtu wa Bungoma."

"Halikatwi na mtu wa Theta pia," akasema Tata Wangari.

Hapo ndipo walipotazamana. Sikuona mapatano yoyote kwenye nyuso zao, na nawaonya wanaopenda kuandika kwamba jamii imepatana. Aliyeinuka alikuwa mzee mwenye magoti mabovu aliyekuwa amebanwa kati ya mstari asioutaka na mmea asioweza kuung'oa.

"Wangari. Hiyo mistari ya juu ulipitisha kipimo."

"Hiyo ya juu nitatoa mwenyewe. Ni mimi nilileta."

"Na hii?"

"Hii unajua ilipotoka."

Akatuelekezea bakora. "Huko chini ya jiwe ni kwa Wangari. Kama kuna wageni huko, ni wageni wake, na walio juu wavune walichopanda halafu washuke kwake. Mimi sina wageni." Akaanza kupanda mteremko. Alipofika mtaro wa juu, alisimama akautazama, akachovya bakora kuona maji yamezama kiasi gani, akaendelea.

Tata Wangari alitoa matoka ya juu kama alivyosema, pole pole, safu kwa safu, huku sisi tukiweka nepia ambayo ghafla ilipatikana kwa kaka yake. Jambo hilo la mwisho ni la kujifunza: usitoe mzizi unaoshika tuta kabla mwingine haujashika. Hakuna aliyelaaniwa, nijuavyo. Wafula aliniambia njiani, "Kila kitu kiwe na kazi zaidi ya moja. Nimeiandika ubaoni miaka yote hiyo nikifikiria kuku." Nashuku alifurahi kutumiwa, kwa sababu sasa alikuwa na mfano mpya wa darasani.

Mfadhili alikuja baadaye akapiga picha ya mstari wa chini ukiwa umechanua. Ripoti ilisema udongo umehifadhiwa kwa mimea ya kienyeji. Ni kweli.

Maharagwe yalivunwa, viazi vikachimbwa, na hakuna nyumba iliyorudi mtoni msimu ule. Ningependa kuishia hapo, lakini msimu uliofuata Tata Wangari aliwaita watu wote kwenye boma lake, akawapa chai, akawapa masharti. "Pandeni mahindi, maharagwe, sukuma, viazi. Migomba hapana. Miti hapana. Hata mpapai."

Wafula karibu amwage chai. Alikuwa ameandaa miche ya matunda muda wote huo. Permakacha bila miti, alisema, ni nyumba bila paa. Alimweleza kivuli, alimweleza majani yanayooza, alimweleza mizizi mirefu.

"Mwalimu, unaongea vizuri," akasema Tata. "Lakini mti ukishika, mtu ameshika. Mimi najua."

Wafula akanywa chai iliyobaki.

Wiki ya mwisho kabla ya ofisi kufungwa nilikwenda Theta kuaga. Mama Nekesa alinipitisha kwenye kipande chake akinionyesha sukuma, maboga, na mboji aliyoigeuza vizuri kuliko tulivyomfundisha. Mwisho wa kipande, nyuma ya mahindi, mahali usipoweza kupaona kutoka mlango wa Tata Wangari, palikuwa na mche wa avokado unaofika magotini. Umewekewa nyasi kavu kuzunguka shina. Kando yake chupa ya plastiki ilikuwa imechomekwa kichwa chini, ikidondosha maji polepole.

"Mama Nekesa, huu ni nini?"

"Huo? Umejiotea, madam. Nilikula avokado nikatupa mbegu."

"Na chupa?"

"Hiyo pia nilitupa."

Nikatazama upande wa boma, halafu nikatazama mstari wa matoka pale kwenye jiwe jeusi, majani yake mapana yakiwa yameshikana. Nilikuwa na swali jingine, na lilikuwa zuri. Nikainama, nikasogeza nyasi kidogo zisiguse shina, maana zikiligusa huoza, hilo ndilo kosa la kila anayeanza.